Kilo Bei Gani

9 Februari

Mpwa wangu Gundi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua siku hizi una haraka. Huku sote wazima. Mama yako ule mgongo umemwachia, sasa maumivu yamehamia kwenye goti, na yeye anasema afadhali goti kwa sababu analiona. Mke wangu anadai umekonda kwenye runinga. Nimemwambia runinga yetu ndiyo inayowabana watu. Kiwandani mashine kubwa ya kukandia inanguruma vilevile, na nafasi yako kwenye meza ya kufungia mikate amepewa msichana anayefunga mkate utadhani anafunga mizigo ya kuhama.

Usiniulize kwa nini naandika na simu ipo. Kocha wenu amezifungia simu kabatini mpaka Jumapili, kama vile ninyi watoto wa bweni. Halafu kwenye simu unanikatiza.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Mpira mnauharibu. Jumamosi mechi yetu ilisogezwa saa saba mchana, jua la utosi, eti watu wa runinga wamepanga hivyo. Katikati ya mchezo refa akasimamisha watu wanywe maji, na hakuna aliyekuwa na kiu, ni tangazo la maji lilikuwa linatafuta pa kupita. Goli likiingia hatushangilii tena. Tunamtazama refa anayekwenda kutazama kioo cha marudio, tumeshika pumzi, na akirudi kusema ni goli, hamu imeshapoa kama chai ya jana. Na hawa wachezaji wenu wa kulipwa ndio wananimaliza. Yule winga aliyekuwa kwetu mwaka juzi alibusu nembo ya timu mpaka nikamwonea huruma nembo. Mwaka huu anabusu ya wengine. Zamani msichana akivaa jezi ya Tanuri, timu yetu ya kiwanda, ulijua asubuhi ileile alikuwa na hamira mpaka kwenye viwiko, amebeba trei, amefagia, kisha jioni anacheza kwa sababu hawezi kujizuia kucheza. Leo anacheza kwa sababu mkataba unasema hivyo.

Ndiyo maana nimewatungia wimbo. Mchezaji wa kulipwa akigusa mpira, mimi mwimbishaji wao napanda juu ya benchi, nanyoosha mkono, na jukwaa zima nyuma ya goli linamuuliza: "Kilo bei gani? Kilo bei gani? Mwenye mali, tupimie!" Watu hawana mbavu. Hata akina baba wa ghala, ambao hawacheki hata wakitekenywa, wanaimba.

Wewe usijitie humo. Wewe ni damu yangu, uliaga vizuri, uliondoka kwa heshima.

Mjomba wako

3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika ikiwa na unga kwenye mkunjo, nikaipangusa kabla ya kuisoma. Nimefurahi kusikia mgongo wa mama umepata nafuu. Mwambie asiinue ndoo, hata kama goti analiona. Mimi sijakonda. Wametupatia mtu wa kutupimia chakula, na siku hizi nakula mara nyingi kuliko nilivyokuwa nakula kwako, ila kidogokidogo, kama ndege.

Malalamiko yako nilimsomea msichana ninayelala naye chumba kimoja, tukacheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Kuhusu saa saba una haki. Kuhusu kioo cha refa nitakubishia tukionana, kwa sababu kimeniokoa mara nyingi.

Lakini hayo ya trei, mjomba. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasichana unaowasifu. Wewe uliona ninavyoruka, hukuona mikono niliyokuwa narukia. Nilidaka mipira nikiwa na malengelenge ya trei viganjani, na nikaitwa Gundi kwa sababu niliogopa kuutema mpira nikalazimika kuudaka mara ya pili. Nahodha wetu alipovunjika goti, kiwanda kilimpa pole na mikate, na baada ya siku chache kikamuuliza anarudi lini. Sasa anasimama mbele ya oveni akiegemea mguu mmoja, na ninyi mnampigia makofi akipita. Huku nilipoteguka kidole, daktari alikuwa ameshafika kabla sijamaliza kulia. Kila asubuhi kuna mtu ananiuliza nimelalaje. Mwanzoni nilidhani ananipeleleza, nikawa namjibu kwa mkato.

Na wimbo nimeusikia. Wenzangu waliuona Jumapili kwenye simu, tukiwa chumba cha kubadilishia nguo. Mmoja akauliza, "Hawa wanatuita nyama au wanatuita malaya?" Mjomba, ninajua kichwani mwako kuna mizani ya ngano na mikate. Lakini jukwaa la wanaume likimuuliza mwanamke bei yake, hakuna anayewaza ngano.

Ninakuomba kitu kimoja. Tarehe 7 Mei tunakuja kucheza na Tanuri huko kwenu. Siku hiyo uuache. Sikuombi unishangilie, timu yako naijua. Uuache tu.

Mpwa wako

21 Machi

Mpwa wangu,

Salamu za hapa ni nzuri. Mvua imeanza, paa linavuja palepale, ndoo nayo ipo palepale. Mama yako amenunuliwa redio mpya na kaka yako. Anasema mechi ya Mei ataisikilizia nyumbani, kwa sababu akija uwanjani atazimia kila mpira ukielekea golini kwako.

Barua yako ilikuwa kali. Nimeisoma nimesimama, nikaona nikae. Siku hizi utani umekuwa kesi, na mimi nimeshakuwa mtu mzima, sijui nitajifunza wapi utani mwingine. Hata hivyo wewe si mtu wa kuombaomba. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa mabegani mwangu kwenye jukwaa hilohilo, na hata maji ulikuwa huombi mpaka midomo ikauke.

Basi nimesikia. Siku hiyo wimbo huo hautatoka kinywani mwangu, na vijana wa jukwaani nitawaambia. Nimeapa mbele ya mke wangu alipokuwa anachambua mchele, na yeye hasahau kitu.

Mjomba wako

16 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini mlifika salama na basi halikuwasumbua njiani. Huku tunaendelea vizuri. Mtoto wa kaka yako ameota jino la kwanza na amemng'ata baba yake. Mashine ya kukandia imekata mkanda, tukakanda kwa mikono kutwa nzima, mabega hayafai. Mke wangu amebadilisha mapazia, yale ya kijani ameyageuza mifuko ya mito. Paka wa jirani amezaa juu ya magunia yetu. Mama yako mzima, anakusalimu sana.

Habari za familia zimeisha na bado sijasema kitu.

Kwanza ujue si mimi niliyeanzisha. Niliwaambia vijana wawili, nikadhani wataambizana. Kipindi cha kwanza ulikuwa goli la mbali, ukaidaka ile kona, na wale wa upande wa kushoto wakaanza. Mimi nilikuwa nimekaa. Muulize yeyote. Kipindi cha pili mkabadilishana magoli, ukaja kusimama mbele yetu na kutupa mgongo, karibu kabisa, mpaka nikaona jasho linavyochora kola yako. Wakaanza tena, sasa kwa nguvu zote. Nikapanda juu ya benchi ili niwanyamazishe.

Nikashusha mikono yote miwili taratibu, viganja chini. Popote duniani mtu akifanya hivyo maana yake ni tulieni. Ila jukwaa letu unalijua. Kwetu mikono ikishuka maana yake ni chuchumaeni, anzeni kwa chini, tupande pamoja. Wakachuchumaa wote. Wakauimba kwa kunong'ona. Ukipigiwa kelele wimbo ule ni mzaha, lakini umati mzima ukimnong'oneza mtu mmoja mgongoni, nywele zilinisimama. Kisha wimbo ukapanda, ukazidi kupanda, na kuna mtu akatia maneno ambayo mimi sikuyatunga na siwezi kuyaandika kwenye karatasi inayokuja kwako. Hapo ndipo lilipoingia lile goli, mpira ambao siku nyingine ungeudaka ukiwa unapiga miayo.

Kwa hiyo nilikuwa nawazuia, mikono ikaniangusha. Naamini umenielewa. Hukugeuka hata mara moja. Baada ya mechi nilikusubiri kwenye mlango wa wachezaji, nikaambiwa basi lenu linatokea geti la nyuma. Labda ndio utaratibu wenu wa kulipwa.

Nijibu ukipata nafasi.

Mjomba wako

19 Juni

Mpwa wangu,

Labda barua ya mwezi uliopita imepotea. Siku hizi posta nayo imekuwa ya kubahatisha. Kila Jumapili nakupigia, simu inaita mpaka inachoka. Sote wazima huku, hilo ndilo kubwa.

Kazini wananipongeza. Meneja, ambaye tangu niajiriwe hajawahi kunitazama usoni, alinishika bega mbele ya watu akasema mimi ndiye mchezaji wa kumi na mbili. Nikacheka naye. Nilipofika kwenye magunia nikakaa chini, nikajisikia mchafu na sijui nijipanguse wapi. Mechi zilizofuata sikwenda, nimesema nina mafua. Wananiletea tangawizi.

Nijibu hata kwa kunitukana. Nitaipokea.

Mjomba wako

4 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua zako zote mbili zimefika, posta haina kosa. Mimi mzima. Wasalimie wote nyumbani, na mtoto mpe hongera ya jino.

Kwa sasa nakaa benchi. Kocha anasema nipumzishe akili, na mkataba wangu watautazama upya mwisho wa msimu. Tanuri mlicheza vizuri siku ile, hongereni.

Habari ya mikono nimeisoma. Mimi nimekulia kwenye jukwaa hilo, mjomba.

Mpwa wako

1 Agosti

Mpwa wangu,

Leo nina habari moja tu ya nyumbani.

Jumapili nilikwenda kwa mama yako. Nilimkuta uani anafua, na alikuwa anaimba. Kilo bei gani, kilo bei gani, taratibu, kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto. Nikamuuliza wimbo huo ameutoa wapi. Akasema redioni, siku mwanawe alipocheza, mtangazaji aliusifu, alisema mwaka huu mashabiki hawajaimba kitu kitamu kama hicho. Akaniuliza, "Ni wa nini, kaka? Wa mikate?" Nikasema ndiyo, dada, ni wa mikate. Akanipa ncha ya shuka nimsaidie kukamua. Tukalisokota, yeye kule, mimi huku, maji yanachuruzika, na yeye anaendelea kuimba huku ananitazama kwa furaha, anadhani amenifurahisha.

Nimewahi kuaibika katika maisha yangu. Nimewahi kuanguka na trei mbele ya wageni, nimewahi kulewa kwenye arusi ya watu. Hii ni nyingine. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula, mke wangu akanipapasa shingo kama ana mgonjwa, nikashindwa kumwambia.

Jibu lako la mwezi uliopita lilikuwa fupi na lilinitosha. Wewe umekulia pale, unajua kwamba ishara ya kunyamazisha tunayo. Nikivua kofia, watu wananyamaza. Imekuwa hivyo tangu tulipomwombolezea yule mlinzi wa geti. Kofia ilikuwa kichwani, Gundi. Sikuigusa.

Nilipanda benchi kwa nia ya kuwazuia, hilo ni kweli mpaka niliposimama. Kisha wote wakanitazama, na jukwaa zima likawa linasubiri mikono yangu. Niliposhusha mikono nilijua itafanya nini. Wimbo ulipoanza kupanda nilisikia raha. Nakuandikia hivyohivyo, sina namna nyingine ya kulisema. Haikuwa raha ya kukuumiza wewe. Ni kwamba haujawahi kupanda vizuri vile, na kwa muda wote uliokuwa unapanda sikukukumbuka wewe ni nani. Nilikuwa naona mgongo wenye namba. Lilipoingia goli nikaruka, na nilipotua ndipo nikamwona mtoto wa dada yangu anaokota mpira wavuni.

Miezi yote nimekuwa nikipiga domo kwamba kulipwa kunamfanya mtu asahau kwao. Mimi hakuna aliyenilipa, nimesahau bure.

Sikuombi unisamehe, maana utajiona unalazimika kujibu. Mama yako sijamwambia. Najiambia namkinga yeye, lakini nadhani najikinga mwenyewe. Mwezi ujao Tanuri wanakuja kucheza huko kwenu. Wananitaka kwenye basi la mashabiki, siti ya mbele. Nimewaambia sijaamua.

Mjomba wako

26 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, na nimerudi golini, kama ulivyoona mwenyewe. Mkataba bado hawajasema kitu. Kipa mwenzangu aliumwa tumbo wiki ileile ya mechi yenu, ndiyo maana nilipangwa, kwa hiyo usije ukasema ni dua zako.

Mama nimemwambia. Nilimpigia Jumapili nikamweleza ule wimbo ni wa nini na nani alikuwa juu ya benchi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nimekula. Kwa sasa usimwendee. Akikuhitaji ataita mwenyewe.

Nilikuona tangu tunapasha misuli. Ulikaa upande wetu, katikati ya watu usiowajua, umevaa lile shati lako la kuendea arusi za watu, na kofia. Nikasema leo kazi ipo. Mashabiki wa Tanuri walipouanza wimbo, ukainuka, ukazunguka uwanja wote kwa miguu, mlinzi akakuzuia kwenye kona, ukabishana naye mikono juu. Mpira ulikuwa upande wa pili, la sivyo ningefungwa kwa ajili yako tena. Ukafika mbele ya jukwaa lao ukavua kofia.

Wote pale walijua maana yake. Wengine umewafundisha wewe wakiwa hawajaota ndevu. Wakakutazama, wakaendelea kuimba. Ukaiinua kofia juu zaidi. Ndipo wakakugeuzia na wewe, kilo bei gani, mzee, kilo bei gani, na yule meneja wako yumo, anacheka. Nilidhani utaondoka. Ulisimama pale kipindi kizima, kichwa wazi, na hakuna aliyenyamaza.

Sikufurahi. Nilikuwa nimepanga kukukasirikia mpaka mwisho wa msimu na ukanivurugia mpango. Lakini nikuambie na hili, kwa sababu umeniandikia ukweli: wimbo umeshatoka mikononi mwako. Wiki iliyopita waliuimba kwenye uwanja ambao Tanuri haijawahi kufika, wakamwimbia msichana anayeanza, ana miaka kumi na saba. Alilia bafuni, amefungua maji tusisikie. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango. Hilo siwezi kukusamehe kwa niaba yake, itabidi ubaki nalo.

Na mimi nina la kwangu. Mwezi wa Mei, baada ya ile mechi ya kwenu, basi letu lilitokea geti la nyuma kweli, lakini lilizunguka likapita mbele. Ulikuwa bado umesimama kwenye mlango wa wachezaji, na mfuko wa mikate mkononi. Msichana ninayelala naye chumba kimoja akasema, "Si yule mzee aliyekuwa anawaimbisha? Anamsubiri nani?" Kisha akanigeukia. "Unamjua?" Nikasema simjui. Nikavuta pazia la dirisha, nikawa natazama mbele mpaka tukatoka mjini. Nimekaa na neno hilo miezi yote hii, na kila nilipotaka kukuandikia kwa hasira niliweka kalamu chini.

Safari hii aliniuliza tena, tukiwa tunatoka uwanjani na wao bado wanakuzomea. "Yule mzee anayeshikilia kofia ni nani jamani, mbona hasogei?" Ningeweza kusema vilevile. Wenzangu wote walikuwa wanasikiliza, na wimbo wanaujua.

Nikasema ni mjomba wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini nimesema.

Mpwa wako